Somo la Baba Lilipofutwa

Baba yangu alikuwa mwalimu wa Siasa. Nikiwaambia hivyo wanangu wanadhani aliwahi kugombea ubunge, kwa hiyo inabidi nianze kwa kueleza. Siasa lilikuwa somo, kama Hisabati na Jiografia, lenye kipindi chake kwenye ratiba na maswali yake kwenye mtihani wa darasa la saba. Tulijifunza Azimio la Arusha, vijiji vya ujamaa, kujitegemea, nchi za kusini zilizokuwa bado zinapigania uhuru, na maadui wa taifa. Kwa walimu wengi lilikuwa somo la kukariri. Kwa baba halikuwa hivyo. Aligeuza darasa kuwa kijiji: huyu mwenyekiti, yule mtunza stoo, wale wakulima, halafu anatuachia tubishane namna ya kutumia trekta moja mpaka kengele inalia na hakuna anayetaka kutoka.

Aliyaamini aliyofundisha. Alizaliwa milimani Ileje, mbele ya Itumba, mtoto wa mjane aliyelima vibarua kwenye mashamba ya watu. Shule aliipata kwa sababu ada ilifutwa, na ualimu aliupata miaka ile nchi ilipowachukua hata vijana waliomaliza darasa la saba ikawafundisha wakiwa kazini. Aliposema mbele yetu kwamba taifa halimwachi mtoto wa maskini, alikuwa anasimulia maisha yake mwenyewe, na sisi tulijua.

Tuliishi Chapwa, pembeni mwa Tunduma, mji ukiwa bado mdogo, na Songwe ikiwa bado haijawa mkoa. Sote tulihesabiwa watu wa Mbeya. Mama ni Mnyamwanga wa hapohapo mpakani. Nusu ya ndugu zake wako Nakonde, upande wa Zambia, na kwao mpaka ni kitu cha kuvuka ukienda msibani au kumtazama mzazi. Miaka ile maduka yetu yalikuwa na rafu tupu. Mama alianza kuvuka na maharage amefunga chini ya kitenge, anarudi na sabuni, sukari na mafuta ya kupikia, kwa njia za panya, pamoja na wanawake wenzake. Baba alikuwa anajua na hajui. Aliona sabuni bafuni, akaoga, akaenda shule.

Nilikuwa darasa la tano aliponifundisha kwa mara ya kwanza. Siku moja aliuliza, "Mlanguzi ni nani?"

Mkono ukanyooshwa nyuma. "Mlanguzi ni mtu anayeficha bidhaa na kuziuza kwa bei ya kuwaumiza wananchi, mwalimu."

"Tunamfanyaje?"

"Tunamfichua!" darasa zima likaitikia.

Msichana niliyekaa naye dawati moja alinifinya paja chini ya meza. Mama yake alivuka pamoja na mama yangu. Mimi niliitikia kwa sauti kama wengine, kisha nikamwangalia baba. Alikuwa anafuta ubao, na alifuta kwa muda mrefu mahali ambapo palikuwa pameshakuwa safi.

Jioni ile walisemezana, yeye na mama, uani, mama akiwa anachambua mchele kwenye ungo.

"Watu wanazungumza," baba alisema. "Mimi nasimama mbele ya watoto wao."

"Mwalimu," mama alijibu, maana hakumwita jina lingine, "sabuni unayoogea unadhani imetoka duka la kijiji? Sukari ya uji wa watoto je? Nikiacha kuvuka, wewe utafundisha ukiwa umevaa nini?"

"Sijasema uache."

"Basi umesema nini?"

Baba alichukua ungo mwingine, akakaa, akaanza kumsaidia kuchambua. Nadhani hapo ndipo nilipoona kwa mara ya kwanza kwamba mtu anaweza kuwa na mambo mawili ndani yake, yote ya kweli, na yasielewane.

Halafu biashara ya mpakani ikaruhusiwa. Haikuja kwa tangazo moja tulilolisikia siku moja; ilikuja kidogo kidogo, malori yakiongezeka, mitumba ikimwagwa chini kando ya barabara, Wazambia wakivuka kununua mchele wetu na sisi tukivuka kununua vya kwao, kila mtu akisalimia kwa Kibemba, "mulishani", mchana kweupe. Mama akajenga kibanda cha mbao karibu na stendi. Mgambo aliyekuwa akimkimbiza porini sasa alikuja kukopa sabuni. Kila mtu alikuwa mfanyabiashara, ila muhtasari wa Siasa ulikuwa haujaambiwa. Mada ya walanguzi ilikuwa bado imo, na baba aliifundisha mbele ya watoto ambao karibu wote mama zao walikuwa na meza pale stendi. Watoto walianza kucheka. Hawakuwa na dharau. Walicheka tu kama mtu anavyocheka akisikia habari za zamani zikisomwa kama za leo. Baba alizidi kukunja uso, na ile michezo ya kijiji akaiacha.

Nilikuwa darasa la saba mwalimu mkuu alipowaita walimu baada ya kurudi kutoka semina Mbeya. Nililetewa habari na baba mwenyewe, kwani alirudi nyumbani mapema na kukaa kwenye kochi bila kuvua viatu.

"Siasa imefutwa," alimwambia mama. "Kuanzia sasa ni Uraia."

"Si jina tu?"

"Si jina tu. Vyama vingi. Haki za raia. Soko huria." Alitamka maneno hayo moja moja, kama mtu anayesoma orodha ya dawa asizozijua. "Nimemuuliza mwalimu mkuu, na yale niliyowafundisha? Amesema, hayo yameisha mwalimu, fundisha yanayokuja. Nimemuuliza vitabu viko wapi. Amesema vitafuata."

Vitabu havikufuata mwaka ule. Baba alipewa kurasa chache zilizopigwa chapa, nyingine zimefifia hazisomeki, na darasa la watoto waliokuwa wakingoja mtihani. Nakumbuka kipindi cha kwanza. Aliandika ubaoni: *Mfumo wa vyama vingi.* Akageuka, akaeleza kwamba katika mfumo huu kila raia ana haki ya kujiunga na chama anachokitaka, na kwamba tofauti za mawazo ni jambo la kawaida. Alieleza vizuri. Sauti yake tu ndiyo haikuwa yake.

Yule msichana wa dawati langu akanyoosha mkono. Alikuwa mwanafunzi bora wa baba, aliyewahi kuwa mwenyekiti wa kijiji chetu cha darasani, na alimpenda kuliko mwalimu mwingine yeyote.

"Mwalimu, mwaka jana ulisema vyama vingi vinaleta vita na ukabila. Kwenye daftari ninayo. Mwaka huu unasema ni haki. Kwenye mtihani tuandike lipi?"

Hakuuliza kwa jeuri. Alikuwa anataka kufaulu.

Baba aligeuka, akausoma tena ubao. Nje darasa la tatu walikuwa wanaimba majedwali ya kuzidisha. Hatimaye alisema, "Andikeni la mwaka huu."

Mtu mmoja alicheka, kisha wengine wakacheka, kisha karibu darasa zima. Mimi sikucheka, wala sikuweza kumtazama. Nilisikia chaki ikiwekwa mezani, nikasikia hatua zake zikitoka. Tulipochungulia dirishani tulimwona amesimama kwenye bustani ya shule, mikono nyuma, anatazama matuta ya mchicha. Alisimama pale mpaka kengele ilipolia. Msichana yule alilia kipindi kizima kilichofuata, akidhani amemtukana.

Tangu siku hiyo aliandika ubaoni, tukanakili, akaondoka. Nyumbani hakuzungumza habari za shule. Watu wa nje walimwona mtulivu. Mama aliniambia, "Baba yako anaumwa, ila haumwi mahali unapoweza kupaka dawa." Matokeo yalipotoka nilichaguliwa, yule rafiki yangu pia, na hakuna aliyekuja kumpongeza mwalimu wa Uraia.

Baadaye alimwomba mwalimu mkuu ambadilishie somo. Mwalimu mkuu alikuwa mtu wa kupenda amani. Alimpunguzia Uraia na kumpa kitu ambacho hakuna mwalimu aliyekitaka, nacho ni kusimamia kipindi cha dini.

Kipindi hicho kilikuwa mara moja kwa wiki. Mchungaji wa Moravian alichukua watoto wake, katekista wa Kikatoliki wa kwake, walokole nao wakawa na mwinjilisti kijana mwenye gitaa. Waliobaki walikuwa wachache: watoto wa Kiislamu wa wafanyabiashara, na watoto wa wafugaji waliokuja kutoka bondeni Momba kukaa kwa jamaa zao mjini ili wasome, wengine Waislamu, wengine hawajui hata waseme wao ni nani. Hao, kwa kuwa hawakuwa na mwalimu, walikuwa wanapewa ndoo wakachote maji ya nyumba za walimu. Ilikuwa hivyo kwa miaka, na hakuna aliyeona ajabu.

Baba aliona ajabu. Kwa mara ya kwanza tangu Siasa ifutwe nilimwona akila chakula huku anaongea. "Wenzao wanaimba darasani, wao wanabeba ndoo. Wamekosa nini?" Mama akamwambia, "Wewe si mtu wa dini, Mwalimu. Hata kanisani unakwenda Pasaka na Krismasi." Akasema, "Ratiba imeandika dini. Haikuandika maji."

Alikwenda msikitini mwenyewe, akamwomba ustadhi aje. Ustadhi alikuwa fundi wa redio, mzee wa makamo mwenye sauti ndogo, na alikuja kila wiki bila kukosa, akikaa na watoto wale chini ya dirisha la darasa la pili. Wale wasiokuwa na upande wowote baba alikaa nao mwenyewe. Hakuwa na muhtasari. Aliwauliza tu: kwenu mtoto akizaliwa mnafanyaje? Mtu akifa je? Mvua ikikataa kunyesha babu yako anakwenda wapi, anasema nini? Watoto ambao darasani hawakufungua mdomo, kwa sababu Kiswahili chao kilichekwa, walianza kusimulia. Mimi nilikuwa nimeanza sekondari ya kutwa wakati huo, mama akinilipia kwa kibanda chake, na nikipita pale shuleni nilimwona baba amechuchumaa katikati yao, anasikiliza. Uso wake ulikuwa umerudi. Nilifurahi, na sikuwa na wasiwasi hata kidogo, jambo linalonishangaza nikikumbuka.

Ulikuwa wakati wa kuelekea uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi. Kila kibanda kilikuwa na bendera, na watu waliosalimiana miaka yote walianza kupitana kimya. Maneno yakaanza stendi. Kwanza, kwamba mwalimu wa Siasa ameleta Waislamu shuleni kubadilisha watoto wa Kikristo. Kisha, kwamba anawafundisha watoto matambiko. Kisha, lililokuwa baya kuliko yote msimu ule, kwamba vile vikao si vya dini, ni vya chama. Chama gani, ilitegemea nani anasimulia. Wapinzani walisema anawalelea wenye nchi, yaani chama tawala, wafuasi, na wenye nchi walisema amehamia upinzani kimyakimya.

Uliitishwa mkutano wa wazazi. Nilikwenda na mama. Watu walijaa darasa la saba mpaka madirishani, na baba alikaa mbele pembeni ya mwalimu mkuu, amevaa koti lake la mahafali. Mjumbe mmoja wa kamati ya shule, mwenye duka la vipuri vya malori, alisimama wa kwanza.

"Sisi hatuna ugomvi na mwalimu," alisema. "Tunauliza. Jana alifundisha watoto wetu chama kimoja. Baadaye akawafundisha vyama vingi. Leo anafundisha dini zote pamoja na mizimu. Kesho atafundisha nini? Huyu ni mwalimu wa kitu gani?"

Watu walipiga makofi. Baba alisimama.

"Nafundisha kilichoandikwa kwenye ratiba," alisema. "Dini imeandikwa. Watoto wale hawakuwa na mwalimu, nikawatafutia. Wasiokuwa naye nikawasikiliza. Sijambadilisha mtoto yeyote."

"Nani alikutuma?"

Baba alimgeukia mwalimu mkuu. Ilikuwa rahisi sana. Neno moja tu, *mimi ndiye niliyempangia*, na mambo yangepoa. Mwalimu mkuu alikuwa anapanga karatasi zake mezani. Alizipanga, akazigonga kingo zilingane, akazipanga tena.

Mama akasimama katikati ya wanawake. "Shikamooni wazee. Watoto wale walikuwa wanabeba ndoo za maji wakati wa kwenu wanaimba. Mlikuwa mnawaona njiani. Hakuna aliyeitisha mkutano."

"Mama, kaa chini," sauti ya nyuma ikasema. "Mumeo ana mdomo."

"Anao," mama alijibu, "lakini mnamwuliza maswali yasiyo yake." Akakaa. Mkono wake niliokuwa nimeushika ulikuwa wa baridi kama umetoka mtoni.

Ustadhi hakuitwa kusema neno, ingawa alikuwepo, amesimama mlangoni na kofia yake mkononi.

Barua ya uhamisho ilikuja kabla ya uchaguzi. Haikutaja kosa. Ilisema tu kwamba mahitaji ya walimu yako bondeni Momba, kwenye shule moja ya kuelekea ziwani, kwenye joto, mbu na vumbi la ng'ombe, mwendo wa siku nzima wakati wa kiangazi, na pasipofikika masika. Kipindi cha dini kikarudi kuwa kama kilivyokuwa. Mwaka uliofuata niliwaona watoto wawili wa kifugaji wakipita na ndoo, nikageuza njia.

Mama hakumfuata. Alikuwa na kibanda, alikuwa na mimi wa kusomesha, na nadhani alikuwa na hasira na shule zote za dunia. Waliagana stendi kama watu wanaoonana kesho yake. Baba alipandisha godoro juu ya lori la chumvi, akapanda yeye.

Nilikwenda kumwona likizo ndefu. Nilimkuta amekonda, ngozi imeungua, akikaa kwenye chumba kimoja cha udongo nyuma ya shule yenye madarasa mawili. Nilikuwa nimembebea kitabu cha Uraia cha kidato cha pili, kipya, chenye picha, nikidhani kitamfurahisha. Alikifungua, akaangalia picha ya sanduku la kura, akanirudishia.

"Hapa nafundisha Hisabati na Sayansi Kimu," alisema. "Nimewaambia hivyo siku ya kwanza. Uraia, Historia, dini, wape wengine."

"Lakini baba, wewe Hisabati hukuipenda."

"Saba mara nane hakuna mtu atakayeitisha mkutano."

Alijaribu kutabasamu. Nililala nikisikia ng'ombe wakikohoa zizini kwa jirani na nikajua kwamba baba niliyemjua, wa kijiji cha darasani, hakuwa amehamishwa. Alikuwa ameachwa mahali fulani njiani. Sikujua nimwambie nani.

Kilichomwokoa, ikiwa ni kuokolewa, ni malaria. Ilimpanda kichwani masika moja, na jirani yake mfugaji akamtuma mtu kwa miguu mpaka barabara kuu, habari ikamfikia mama stendi. Mama alifunga kibanda siku ileile. Alimkuta anaweweseka, anaita majina ya wanafunzi wa zamani na kuwaambia wakae. Alimuuguza mpaka akasimama, na aliposimama mama hakurudi. Aliona kwamba wanawake wa kule hununua vitenge mnadani kwa watu wanaowadanganya urefu, akaanza kuleta vya kwake. Kibanda cha Tunduma akakiuza. Walijenga nyumba ya matofali ya kuchoma huko huko bondeni, na baba alipostaafu kwa hiari hawakuondoka. Ukimuuliza mama kwa nini, husema kule samaki ni wengi.

Mimi ndiye niliyebaki na nyumba ya Chapwa, na mimi ndiye niliyekuwa mwalimu. Sikupanga iwe hivyo. Chuo kilichonipokea kilikuwa cha ualimu. Nimefundisha Historia, Jiografia na Uraia vikiwa vimeunganishwa kuwa Maarifa ya Jamii, nikavifundisha vilipotenganishwa, na baadaye tukaambiwa vitaunganishwa tena. Kila mara tunaitwa semina, tunapewa chai na chapati, tunasaini, tunarudi na muhtasari mpya. Wenzangu huchukua kwa wepesi. Mimi huusoma wote siku ya kwanza, nikitafuta ukurasa utakaonisimamisha mbele ya watoto nikose la kusema. Mara nyingi upo. Nimejifunza kuwaambia mapema kwamba kitabu hiki kimeandikwa na watu, na kwamba cha zamani nacho kiliandikwa na watu. Sina hakika kama hilo linawasaidia kwenye mtihani, na wazazi wawili wamewahi kulilalamikia.

Mwaka mmoja kabla muhtasari mwingine haujaja, baba alikuja Tunduma kutibiwa macho. Tulipotoka hospitali alikuwa na bandeji jicho moja, na mimi nilikuwa na kipindi, kwa hiyo nilimwambia anisubiri ofisini. Alikataa. Alinifuata darasani, akakaa dawati la mwisho kati ya watoto wa darasa la sita, magoti yake yakigusa meza. Sikuwa nimefundisha mbele yake maishani. Mada ilikuwa haki na wajibu wa raia, na niliikandamiza chaki ubaoni mpaka ikakatika. Watoto waliuliza maswali, mengine magumu. Nilijibu niliyoweza, nikasema sijui kwa moja.

Tulipokuwa tunarudi nyumbani nilingoja aseme. Tulipita malori yaliyopanga foleni ya forodha, tukapita wauza nyanya, na yeye akawa anatembea taratibu, ameshika kiwiko changu kwa sababu ya jicho.

"Unaongea haraka mno," alisema hatimaye. "Wa nyuma hawasikii."